Donge au Mkanda: Nani Anapanga Bei ya Bondia?

Tarehe 25 Machi 1989, mjini Las Vegas, Sumbu Kalambay alipanda ulingoni akiwa na rekodi ambayo bondia yeyote wa uzito wa kati angeionea wivu. Ndani ya miaka miwili alikuwa amewapiga Herol Graham, Iran Barkley na Mike McCallum, watu ambao hakuna aliyekuwa na hamu ya kukutana nao. Sekunde 88 baada ya kengele ya kwanza alikuwa chini. Ngumi moja ya kushoto ya Michael Nunn ilimaliza kila kitu, refa akahesabu mpaka kumi. Kilichouma zaidi ni kwamba mkanda wake wa WBA hakuupoteza usiku ule. Alikuwa ameshavuliwa kabla ya hapo, kwa kosa la kuchagua pambano kubwa la Nunn na kumwacha mpinzani wa lazima aliyepangiwa na chama.

Swali lililomkabili Kalambay ndilo linalowakabili mabondia wetu leo, kuanzia Manzese hadi Kampala. Bondia akiwa bado na nguvu zake, abaki katika uzito wake awamalize wapinzani mmoja baada ya mwingine mpaka asibaki wa kubishana naye? Au afuate donge nono popote lilipo, kwa uzito wowote, hata kama mkanda utamponyoka? Mashabiki wengi hulijibu kwa hasira: anayefuata fedha ameusaliti mchezo. Wapambe wa mabondia nao hulijibu kwa mkato: heshima hailipi kodi ya nyumba. Majibu yote mawili yameacha nje jambo lenye uzito kuliko yote, yaani nani anayepanga bei ya bondia, na anaipanga kwa kutazama nini.

Njia panda ya Unyanyembe

Ukilitazama swali hili kutoka Tabora, unaliona kwa mapana yake. Mji huu ulikuwa njia panda ya Afrika Mashariki ya karne ya 19. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa, Unyanyembe, ikapumzika, kisha njia zikagawanyika. Moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika kuelekea Manyema. Nyingine ilipanda kaskazini kupitia Karagwe hadi Buganda. Ya tatu ilishuka kusini-magharibi hadi Katanga, ambako Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi, alijijengea ufalme wa Garenganze akatawala kutoka Bunkeya mpaka alipouawa Desemba 1891. Ukizifuata njia hizo leo kwa kutafuta mabondia, utakuta historia nzima ya swali letu. Njia ya Buganda inakupeleka kwa Ayub Kalule na John Mugabi. Ya Katanga inakufikisha Lubumbashi, mji aliozaliwa Kalambay mwaka 1956. Ya kurudi pwani inakuleta kwa Francis Cheka wa Morogoro na Hassan Mwakinyo wa Tanga.

Njia hizo zilikuwa na watu wake waliouza nguvu za mwili kwa safari: wapagazi wa Kinyamwezi. Walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi kwa miezi, wakilipwa merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa kuwa hajakomaa. Hata hivyo wengi wao hawakuwa watu wa safari tu. Waliondoka kiangazi baada ya mavuno na kufanya kila njia warudi kabla mvua hazijakolea, kwa sababu nyuma yao kulikuwa na shamba. Na watu hao hao ndio waliojulikana kwa kujadiliana ujira, kugoma njiani na kuitua mizigo pale tajiri alipokiuka makubaliano. Mwenye shamba anaweza kuikataa safari mbaya. Asiye nalo hupokea ujira wowote anaotajiwa.

Hapo ndipo ninaposimama katika mjadala huu. Pambano kubwa ni safari, na uzito wa bondia ndio shamba lake. Safari si dhambi. Kosa ni kusafiri bila shamba, kwa sababu bondia wa namna hiyo hupangiwa bei na wengine, na akirudi ameumia hana pa kuanzia.

Hesabu iliyo mbele ya bondia

Tuanze kwa kumtendea haki. Mchezaji wa akiba wa timu inayocheza Ligi Kuu kwenye Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi pale Tabora ana mkataba na mshahara wa mwezi, hata asipoingia uwanjani. Bondia hana. Hulipwa usiku aliopigana, basi. Miezi ya mazoezi, chakula, nauli, matibabu ya mkono ulioteguka, vyote vinatoka mfukoni mwake au kwenye deni. Usiku wa malipo ukifika, kwa desturi kocha anachukua asilimia 10, meneja ana fungu lake, na wapo waliomkopesha njiani. Pambano likiwa la mkanda wa dunia, chama kinachotoa mkanda kinadai ada, kwa kawaida asilimia 3 ya malipo yake. Yaani bondia analipia heshima ya kuitwa bingwa.

Halafu kuna mpinzani wa lazima. Kila chama humpangia bingwa mtu ambaye ni lazima apigane naye kwa muda uliowekwa. Mara nyingi mtu huyo ni hodari, hatari, na hana jina. Televisheni haimtaki, tiketi hazitoki, na malipo yanakuwa madogo wakati hatari ni ileile. Bingwa akikataa, anavuliwa.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Pambano kubwa kuliko yote yaliyowahi kupiganwa Afrika, la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, lilikuwa donge na mkanda kwa wakati mmoja. Serikali ya Mobutu ilihakikisha kila mmoja anapata dola milioni 5, na palepale ubingwa wa dunia wa uzito wa juu ulikuwa mezani, maana Foreman ndiye aliyeshika mikanda yote miwili iliyokuwapo. Shabiki hakuwa na haja ya kuuliza kama lile ni pambano la fedha au la ubingwa.

Kilichovitenganisha vitu hivyo viwili ni utitiri wa mikanda. Leo kuna WBA, WBC, IBF na WBO, na ngumi za wanaume zina uzito 17 wa asili. Ni mikanda 68 ya dunia, kabla hujahesabu ya muda, ya mabara, ya vijana na ya vyama vidogo kama WBF, IBO na WBU. Bidhaa ikijaa sokoni inashuka bei. Mtazamaji akishindwa kujua bingwa ni nani, huacha kufuata mikanda na kufuata majina. Oktoba 2023 mjini Riyadh, Tyson Fury, aliyekuwa bingwa wa WBC, alipigana na Francis Ngannou wa Cameroon, mtu ambaye hakuwa na pambano hata moja la ngumi za kulipwa. Ngannou alimwangusha katika raundi ya tatu kabla ya Fury kupewa ushindi wa pointi. Pambano la kumpata bingwa mmoja wa uzito wa juu, kati ya Fury na Oleksandr Usyk, lilisubiri mpaka Mei 2024. Soko lilishaamua kipi kitangulie.

Kwa hesabu hiyo, anayemlaumu bondia kwa kuchagua fedha anamlaumu mtu mwenye miaka michache ya kazi, na mwili usio na akiba, kwa sababu tu hakukubali kuumia kwa bei nafuu. Lawama hiyo siiungi mkono. Lakini hesabu haijaisha.

Njia ya Buganda

Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa mwaka 1974 huko Havana, kisha akahamia Denmark na kuingia ngumi za kulipwa. Mwaka 1979 alikwenda Japani akamnyang'anya Masashi Kudo mkanda wa WBA wa supa welta, uzito wa kilo 69.8. Aliutetea mara nne. Alikuwa mfano wa bondia anayekaa kwenye uzito wake na kuumiliki. Tarehe 25 Juni 1981, mjini Houston, alikutana na Sugar Ray Leonard akiwa hajapoteza pambano lolote la kulipwa. Leonard alikuwa bingwa wa WBC wa welta, kilo tatu chini. Alipanda kwa ajili ya pambano hilo, akammaliza Kalule katika raundi ya tisa, kisha akauacha mkanda huo na kurudi chini kumkabili Thomas Hearns Septemba mwaka uleule.

Tazama kilichotokea. Utawala wa Kalule katika uzito wake ndio uliompeleka Houston. Bila mkanda ule Leonard asingekuwa na sababu ya kumtafuta. Lakini mkanda uliokuwa kazi ya maisha yake, kwa mwenzake ulikuwa kituo cha njiani. Utawala pekee haukumfanya awe mwenye biashara. Mwenye biashara alikuwa Leonard, bingwa wa Olimpiki wa 1976, ambaye Marekani nzima ilimjua kwa sura na kwa sauti.

John Mugabi alikwenda kinyume chake. Baada ya kupata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, aliingia ngumi za kulipwa na kuwashinda wote aliokutana nao kwa KO. Kufikia mwaka 1986 alikuwa anaongoza orodha ya wanaosubiri ubingwa wa supa welta. Angeweza kudai haki yake pale. Badala yake alipanda uzito wa kati, kilo 72.6, kumkabili Marvin Hagler tarehe 10 Machi 1986 mjini Las Vegas. Anayetaka kujua ngumi ni nini autazame mkanda wa video wa usiku ule. Mugabi alimpiga Hagler ngumi ambazo zingemlaza mtu mwingine yeyote, na Hagler akawa anazipokea huku akisonga mbele. Katika raundi ya sita Hagler alimkandamiza kwa mfululizo mrefu, na tangu hapo Mugabi alikuwa anasimama kwa moyo tu. Raundi ya 11 akaanguka.

Desemba mwaka uleule alirudi kwenye uzito wake kugombea mkanda wa WBC uliokuwa wazi, akashindwa na Duane Thomas katika raundi ya tatu. Mkanda aliupata mwaka 1989 kwa René Jacquot, na haukudumu. Machi 1990 Terry Norris alimwangusha katika raundi ya kwanza. Ubingwa uliokuwa karibu kabisa na mkono wake mwaka 1986 ulimfikia miaka mitatu baadaye, mwili ukiwa umeshalipa gharama ya usiku mmoja. Simlaumu kwa kwenda kwa Hagler. Nasikitika kwamba alikwenda kabla ya kuchukua kilicho chake, kwa hiyo alikwenda kama mpinzani wa kuvutia, si kama bingwa anayekutana na bingwa mwenzake.

Njia ya Katanga

Kisa cha Kalambay ni kizito zaidi kwa sababu yeye alikuwa na mkanda. Na mkanda huo ulikuja kwake kwa mlango uleule ambao baadaye ulimtoa.

Hagler alikuwa bingwa wa uzito wa kati tangu mwaka 1980 na alitetea ubingwa wake mara 12. Mwaka 1987 alipata nafasi ya kupigana na Leonard, aliyekuwa ameonekana ulingoni mara moja tu katika miaka mitano. WBA ilimtaka Hagler apigane kwanza na Herol Graham, Mwingereza mwepesi wa kukwepa ngumi na mgumu kuuza tiketi. Hagler akachagua Leonard, WBA ikamvua. Alihakikishiwa dola milioni 12, akapoteza kwa pointi zilizogawa majaji, na hakupigana tena. Unaweza kubishana mpaka kesho kama alishinda au alishindwa, lakini hakuna anayebisha kwamba zile milioni 12 zilijengwa na miaka saba ya kukataa kushindwa katika uzito mmoja.

Mei 1987 Kalambay alimpiga Graham na kuchukua ubingwa wa Ulaya, na hivyo akachukua pia nafasi yake kwenye foleni. Oktoba akampiga Barkley huko Livorno na kuvaa mkanda ule wa WBA aliovuliwa Hagler. Akautetea dhidi ya McCallum, Robbie Sims na Doug DeWitt. Kisha ikaja nafasi ya Nunn, bingwa wa IBF, pambano ambalo lingeionyesha dunia nani mkubwa. WBA ikasema: kwanza Herol Graham. Yuleyule aliyekuwa ameshampiga. Kalambay akakataa, akavuliwa, akaenda Las Vegas, na sekunde 88 zikatosha.

Hapa ndipo maneno mepesi kuhusu usaliti yanapokwama. Nunn alikuwa bingwa mwenzake. Kumkabili kulikuwa hatua ya kuutawala uzito, si ya kuukimbia. Chama kilichojiita mlinzi wa ubingwa ndicho kilichozuia mabingwa wawili wasikutane na mikanda yao kiunoni. Mara mbili ndani ya miaka miwili, kwa mkanda uleule na kwa jina lilelile la mpinzani wa lazima, WBA iliwaadhibu mabingwa kwa kupigana na watu ambao dunia ilitaka wapigane nao. Ukitaka kujua kwa nini mikanda imeshuka thamani, anza na kisa hiki.

Lakini tazama pia Kalambay aliangukia wapi. Alikuwa amejenga maisha Italia, watu wa Pesaro na miji ya jirani walijaa kumwona, na uwanja wa Ulaya ulikuwa wake. Mwaka 1990 alirudi kuwa bingwa wa Ulaya. Mwaka 1991 alimkaribia McCallum kwa pointi zilizogawa majaji huko Monte Carlo. Mwaka 1992 alimpiga Graham tena, kisha Steve Collins, ambaye baadaye angekuwa bingwa wa dunia. Mtu aliyelazwa kwa sekunde 88 mbele ya dunia nzima aliendelea kuwa bondia wa juu kwa miaka minne. Mugabi, aliyekuwa amehama kutoka Kampala hadi London hadi Florida, hakuwa na uwanja wa namna hiyo wa kurudia.

Njia ya kurudi pwani

Sasa tuje nyumbani. Agosti 2013, Francis Cheka alimshinda Phil Williams wa Marekani kwa pointi jijini Dar es Salaam na kuvaa mkanda wa WBF wa supa kati, kilo 76.2. Mwaka haujaisha alikuwa Moscow kupigana na Fedor Chudinov, na katika raundi ya tatu mambo yakawa yamekwisha. Chudinov alikuwa kijana anayepandishwa ngazi. Mwaka 2015 akawa bingwa wa WBA. Wapangaji wa Urusi walimhitaji mtu mwenye jina la ubingwa ili kijana wao ampite, na Cheka alikuwa nalo. Mkanda uliopatikana kwa jasho mbele ya Watanzania ulitumika kuongeza bei ya mtu mwingine.

Hassan Mwakinyo alianza kwa kuipindua biashara hiyo. Tarehe 8 Septemba 2018, mjini Birmingham, aliwekwa mbele ya Sam Eggington katika usiku wa Amir Khan, akitarajiwa kupigwa. Akammaliza Eggington raundi ya pili, akiwa ugenini na bila mashabiki wa kumshangilia. Tanzania nzima ikamjua kwa usiku mmoja. Baada ya hapo akafanya jambo la maana: akajenga uwanja wake. Akawaleta wapinzani Dar es Salaam, akampiga Mfilipino Arnel Tinampay kwa pointi mwaka 2019, na Septemba 2021 akamsimamisha Julius Indongo wa Namibia.

Indongo mwenyewe ana funzo la kutosha makala nzima. Desemba 2016 alikwenda Moscow akamlaza Eduard Troyanovsky katika raundi ya kwanza na kuchukua mkanda wa IBF wa kilo 63.5. Miezi minne baadaye akaenda Glasgow akampiga Ricky Burns na kuchukua wa WBA. Mikanda hiyo miwili, iliyochukuliwa majumbani mwa watu, ndiyo iliyompa pambano la Agosti 2017 na Terence Crawford kwa mikanda yote minne. Alipoteza kwa KO raundi ya tatu, lakini alikwenda akiwa bingwa na kwa nafasi aliyoidai mwenyewe.

Septemba 2022 Mwakinyo alikwenda Liverpool kupigana na Liam Smith, bingwa wa zamani wa WBO, mbele ya watu wa Smith. Hakukuwa na mkanda wa dunia mezani. Pambano likaisha raundi ya nne, Mwakinyo akieleza baadaye kwamba aliumia mguu. Smith akaendelea na njia yake; Januari 2023 alikuwa Manchester akimwangusha Chris Eubank Jr katika pambano kubwa la kweli. Naiona tofauti kati ya Birmingham na Liverpool hivi: mwaka 2018 Mwakinyo hakuwa na cha kupoteza, kwa hiyo safari ile ilikuwa na faida tupu. Mwaka 2022 alikuwa mtu mkubwa wa uzito wake Afrika, na hadhi hiyo ilistahili kuuzwa kwa kitu kikubwa kuliko malipo ya usiku mmoja: nafasi ya kugombea mkanda, kifungu cha marudiano, au mpinzani kuja Dar es Salaam.

Kenya inatuonyesha upande wa pili. Fatuma Zarika alichukua mkanda wa WBC wa supa bantam mwaka 2016 huko Michigan kwa kumshinda Alicia Ashley. Kwa sababu alikuwa bingwa, Catherine Phiri wa Zambia alilazimika kuja Nairobi, mara mbili, na mara zote Zarika akashinda mbele ya watu wake. Aliupoteza mkanda Mexico mwaka 2019, kwa Yamileth Mercado, ambaye Zarika alikuwa amemshinda kulekule mwaka mmoja kabla. Ngumi za wanawake hazikumpa utajiri aliostahili. Lakini kwa miaka mitatu, aliyetaka mkanda ule alilazimika kumtafuta yeye.

Kuna njia nyingine, ya Karim Mandonga, Mtu Kazi. Yeye alijaza kumbi kwa maneno, kwa ngumi alizozipa majina kabla hazijarushwa, na kwa ujasiri wa kupanda ulingoni na yeyote. Alipigwa na Shaban Kaoneka Songea mwaka 2022, akamshinda Daniel Wanyonyi Nairobi Januari 2023, na watu wakazidi kumfuata. Wapo wanaomdharau. Mimi naona alituonyesha ukweli ambao vyama vyetu viliupuuza: Mtanzania yuko tayari kulipia ngumi akipewa mtu wa kumjali. Mapambano ya Twaha Kiduku na Dullah Mbabe ya 2020 na 2021 yalithibitisha hilo kwa namna iliyo bora zaidi, kwa sababu pale palikuwa na ushindani halisi, watu wawili wa uzito mmoja, kila mmoja na mji nyuma yake. Hadithi iliwaleta watu, na ngumi zikawalipa waliokuja.

Nini kifanyike

Kwa hiyo donge na mkanda havipaswi kuwa maadui. Ushahidi wa karibuni ni Crawford huyohuyo aliyempiga Indongo. Aliumaliza uzito wa kilo 63.5 mwaka 2017, akaumaliza wa kilo 66.7 kwa kumpiga Errol Spence mwaka 2023, na Septemba 2025 akapanda mpaka kilo 76.2 kumshinda Canelo Álvarez. Alipoomba pambano hilo kubwa, hakuna aliyeweza kumuuliza yeye ni nani.

Bondia wetu hana mtaji wa Crawford, lakini mpangilio ni uleule. Kabla ya kusaini aulize mambo matatu. Napigana kwa uzito wangu, au napandishwa ili mwenzangu apate nafuu? Nikishinda, mkataba unanipa nini zaidi ya fedha za usiku huo? Nikishindwa, nitarudi kwenye nafasi gani nyumbani? Pambano lisilo na jibu zuri hata kwa swali moja ni la kukataa, na lenye majibu matatu mazuri ni la kukimbilia, liwe na mkanda au lisiwe nao.

Wajibu mkubwa uko kwa wanaosimamia mchezo. TPBRC, kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa nchini, inatoa vibali vya mapambano ya ndani na ya nje, kwa hiyo ina nafasi ya kuusoma mkataba kabla bondia hajapanda ndege: uzito, malipo, bima, marudiano, muda wa maandalizi. Kinachotakiwa pia ni orodha ya taifa ya kila uzito inayoheshimiwa, ambayo bingwa wake analazimika kupigana na namba mbili, na promota anayeandaa usiku wa majina makubwa awe na pambano moja la orodha hiyo kwenye ratiba yake. Azam TV imeshawazoesha Watanzania kukaa usiku kutazama vitasa. Watazamaji wapo, wanachokosa ni mfululizo wa kuufuata, wa kujua nani anamfukuza nani.

Na mikoa isisahauliwe. Songea imekuwa mwenyeji wa pambano kubwa, Mwanza pia, na Zanzibar imefungua tena ulingo mwaka 2023 baada ya miongo ya marufuku. Kijana wa Tabora anayejua kupigana bado anajua jambo moja tu: apande treni aende Dar es Salaam, akafanye mazoezi kwenye gym ya watu, akapigane mapambano ya utangulizi kwa malipo ya nauli. Ameshaikosa nguvu ya kujadiliana kabla hajapigwa ngumi ya kwanza. Mkanda wa kanda ya magharibi unaozikutanisha Tabora, Kigoma na Katavi ungewezekana kwa gharama ndogo. Reli inafika Kigoma, na kwa njia ya ziwa kuna Bujumbura na Kalemie, miji yenye vijana wanaopenda ngumi na wanaozungumza Kiswahili. Bondia aliyewashinda wote wa ukanda huo, mbele ya watu wanaomjua kwa jina la baba yake, angefika Dar es Salaam akiwa na mashabiki wa kuwauzia tiketi, na angefika Ulaya akiwa na rekodi ya kuuliza bei badala ya kutajiwa.

Mashabiki nao tuna deni. Tunamwita shujaa bondia anayekwenda ugenini kupigana na yeyote, na tunamwita mwoga anayesema pambano hili halinifai kwa sasa. Tukiendelea hivyo, tutaendelea kuwasindikiza uwanja wa ndege vijana wenye vipaji na kuwapokea wakiwa na fedha za miezi michache na jina lililoshuka. Bondia anayekaa kwenye uzito wake mwaka mmoja zaidi, akatetea mkanda wa Afrika mbele ya ukumbi uliojaa Dar es Salaam, Tanga au Tabora, hajakimbia mtu. Anapandisha bei yake, na sisi tunaonunua tiketi ndio tunaoweza kumwezesha asubiri.